Tanzia Yako Ilikwama Kwenye Kichujio Chako

Kaka Shaibu,

Nimekaa kwenye kiti chako. Mama yako ndiye aliyenilazimisha, kasema duka haliendeshwi kwa kusimama. Kinanesa upande mmoja na miguu yangu haifiki chini vizuri. Watu bado wanaingia na vyeti vyao vya kutoa kopi, wanamuulizia fundi wa kompyuta, na mimi mwanafunzi wako inanibidi niwaambie tena. Nimechoka kuwaambia.

Halafu nina hasira na wewe. Naisema mapema, usije ukadhani nimekuandikia kukusifu. Wa kukusifu walijaa matangani.

Idi hakukuzika. Mdogo wako alikuwa melini, huko ambako simu haishiki na habari zinamfikia kwa barua pepe tu. Asubuhi ile Mjomba Bakari alikuja hapa dukani, macho mekundu, akaandika tanzia kwa vidole vyake mwenyewe, akaituma kwenye anwani ya Umoja wetu, ile ambayo barua ikiingia programu yako inaisambaza kwa wana-Kilwa wote walio mbali. Alasiri tukakuzika, kila mmoja akijua Idi ameshaambiwa.

Idi alipata habari meli ilipotia nanga, kwa mtu baki aliyempigia kumpa pole. Jamani! Akampigia Mama huku analia na kufoka kwa pamoja. "Mjomba amenifanya mimi si mtu. Hata jirani huambiwa." Mjomba aliapa kuwa alituma. Nani amwamini? Unamjua, anatafuta miwani nyumba nzima kumbe ameivaa. Tangu hapo Idi hapokei simu zake, na Mjomba haonekani barazani, anasali anarudi ndani. Amekonda kwa siku chache tu.

Mimi ndiye niliyeikuta. Mteja alilalamika barua yake haionekani, nikafungua folda ya taka, na humo, katikati ya wauza dawa za nguvu na matajiri waliokufa bila warithi, ikawamo TANZIA TANZIA TANZIA, SHAIBU HATUNAYE, MAZISHI LEO, RAMBIRAMBI TUMA KWA NAMBA HII. Herufi kubwa mwanzo mwisho. Wallahi nilicheka kwanza. Halafu nikalia mpaka yule mteja akajiondokea.

Unakumbuka siku uliyoiunganisha programu na kichujio cha barua taka? Tulikuwa tunakula mihogo ya kukaanga, kibodi yote imejaa pilipili, unanieleza. Programu inapokea barua, kabla ya kuisambaza inaikabidhi kwa kichujio, kichujio kinaisoma, kinaipa alama za ubaya, kinairudisha. Ikizidi alama, inakwenda taka kimyakimya. Nikakuuliza, na aliyeituma haambiwi? "Ukimjibu tapeli umemfungulia mlango, Zuhura." Sawa. Lakini hukuishia hapo. Bi Mwajuma wa sokoni alipotapeliwa kwa ile ya "hela tuma kwenye namba hii", ukaongeza mstari wako mwenyewe: barua yoyote yenye neno tuma na namba ya simu, igongwe alama nyingi. Nikasema, kaka, na michango ya harusi je? Na misiba? Ukacheka, mbishi wewe, ukasema watu wetu wanajua kuandika barua za maana.

Nani anajua? Mtu aliyefiwa asubuhi? Sisi tukifiwa tunaandika kwa haraka, kwa watu wote, kwa kelele, na tunaomba watu watume. Ndivyo matapeli nao wanavyoandika. Ungenisikiliza siku ile!

Nilimweleza Mama. Akasema, "Mwanangu, tumsitiri marehemu. Hasira za Idi zitapoa." Nikamwitikia kwa adabu, lakini rohoni nilikataa. Nikusitiri wewe kwa kumvua nguo Mjomba? Nakupenda, kaka, lakini hapana.

Basi nikakaa na programu yako. Nimeung'oa ule mstari. Sasa barua yenye alama nyingi haitupwi, inasubiri niisome kwa macho yangu. Ulinifundisha nisijaribu kazi kwa barua za kubuni, nitumie ileile iliyokwama, kwa hiyo nikaipitisha tanzia yako. Mara ya kwanza ikarudi taka. Nikarekebisha, nikaipitisha tena, ikarudi. Kila mara nasoma hatunaye, hatunaye. Ilipopita, nilikuwa nimekuzika mara nyingi kuliko waliokwenda makaburini.

Nikaiachia iende kwa wote, vilevile ilivyo, pamoja na saa aliyoituma Mjomba. Juu yake nikaongeza maneno machache: Mjomba Bakari aliituma asubuhi ileile, programu yetu ndiyo iliyoizuia. Nimeandika yetu, si yako. Sitara niliyoweza kukupa ni hiyo.

Idi alimpigia Mjomba. Nilikuwepo. "Shikamoo, mjomba. Nisamehe." Mjomba akanipa simu mimi, akageukia ukutani.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe Idi ana swali, akaliuliza polepole, kama anayeogopa jibu. "Zuhura, na zangu je? Nilizomwandikia kaka?" Tangu mkwaruzane kwa lile shamba la mikorosho la Rutamba hamkupigiana simu, hilo nalijua. Sikujua kuwa aliandika. Barua zako mwenyewe nazo zilipitia kichujio kilekile: anwani ya meli ngeni, maneno mawili matatu, hakikumtambua. Na wewe folda ya taka hukuifungua hata siku moja, uliiamini mno kazi yako.

Nikatazama. Zimo. Za nyuma zaidi zimeshajifuta, lakini hizi zimo, na ya juu kabisa kichwa chake ni "Kaka, nimekosa". Kaka Shaibu, umekwenda ukiamini mdogo wako kakususa, na yeye huko baharini anaamini hivyohivyo juu yako. Hili sijui nilifanye nini.

Sikuzifungua, ni zako. Nimezuia folda isijifute. Pumzika, kaka yangu na mwalimu wangu, Mungu akupokee kwa upole kuliko nilivyokusema humu. Nakuahidi barua hizi hazitaguswa na mtu. Idi akishuka melini nitamkabidhi, nitamfikisha kaburini kwako, nitasimama mbali. Akusomee mwenyewe.

Zuhura