Miti ya Pamba Dirishani

Nkoma, Itilima
Jumatatu, 9 Septemba 2024

Kwa kaka yangu Mayige,

Mwangaluka, kaka. Habari za Kimali, na wifi, watoto na ng'ombe? Nasikia malisho yamekauka huko na umehamisha ndama. Sisi huku wazima, ni kifua kidogo tu. Barua hii anakuletea Luhende kwa pikipiki, nimemwambia akukabidhi mkononi. Simu umenikatia mara tatu. Karatasi haikatwi hivyo. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla ya Jumamosi.

Luhende ameniambia unakuja na vijana wanne, na safari si ya kuliona kaburi la mayu, mama yetu. Ameniambia pia alichosema mganga, kwamba alimalizwa na mwanamke mwenye macho mekundu aliyekuwa akikaa naye jikoni. Najua unamfikiria nani. Shangazi Milembe naye anajua. Tangu juzi ameacha nyumba yake, analala hapa chumba cha mayu, na kila pikipiki ikipita anaacha kutafuna.

Acha kwanza nikueleze ya wiki iliyopita. Alikuja mtaalamu kutoka Dodoma, anaitwa Constantine, anapima moshi na vumbi vinaigharimu nchi kiasi gani. Mtendaji alinichagua nimtafsirie kwa wazee wasiojua Kiswahili. Kila kaya anaiuliza: mtu wenu akikohoa, siku ngapi hakwenda shamba? Aliyemuuguza aliacha kazi gani? Nauli ya hospitali je? Alisema pamba isiyopaliliwa Nkoma kwa sababu ya kifua ni pamba inayokosekana kwa nchi nzima, ila hakuna anayeiona kwa kuwa haikuwahi kuvunwa. Shangazi akamjibu kwamba kama kikohozi chake kinaitia nchi hasara, basi nchi nayo ije ishike zamu ya kukohoa, yeye apumzike. Alicheka mwenyewe mpaka kikamshika.

Tulipofika kwetu Constantine akaniuliza mayu alikosa siku ngapi. Nikasema hata moja. Ni kweli, unamjua. Alipalilia akikohoa, akasonga ugali akikohoa, akifuta macho kwa pindo la khanga na kusema moshi huu unamliza misiba yote ya Itilima kabla haijatokea. Constantine akaandika sifuri.

Sifuri ile sikuweza kuiacha. Kesho yake nilimfuata ofisi ya kata nikamwomba aifute. Aliuliza kwa nini, nikamweleza neno ambalo wewe sijakueleza.

Kaka, Oktoba mwaka jana nilipompeleka mayu hospitali Bariadi, nilikuambia hawakuona kitu. Nilisema uongo. Daktari alitazama picha ya kifua akauliza mama huyu amevuta sigara miaka mingapi. Nikasema hajawahi. Akauliza jiko letu likoje, na tunapikia nini. Akasema mapafu yameharibiwa na moshi, tupikie nje, au angalau dirisha la jiko liwe wazi.

Dirisha halikuwa wazi. Unajua bwana shamba anavyotaka miti ya pamba ing'olewe na kuchomwa shambani baada ya mavuno, ili wadudu wasibaki. Kuni hazipatikani, na mwaka jana sikukubali iteketee bure. Nilibeba mizigo kumi na tisa nikaificha jikoni, nikaipanga kwenye ukuta wa dirisha mpaka juu, bwana shamba asiione akipita. Miti ile ina dawa tuliyopulizia, na moshi wake unaujua unavyowasha. Mayu alinung'unika kwamba hapati hewa. Nikamwambia avumilie, tutaimaliza. Hata baada ya maneno ya daktari sikuitoa, niliogopa faini. Iliisha Machi. Mayu tulimzika Juni.

Na msibani mlipoanza kunong'ona juu ya Shangazi, nilinyamaza. Ilikuwa nafuu kwangu. Hilo ni baya kuliko miti.

Constantine alisema mayu, kwa miaka yake hamsini na mmoja, alikuwa bado na kama kumi na mitano ya jembe. Ameiandika badala ya sifuri. Ukimgusa Shangazi, utaongeza mtu mwingine kwenye hasara ileile, nawe utafungwa, na ng'ombe wa Kimali atawachunga nani?

Macho ya Shangazi ni mekundu kwa sababu miaka yote alichochea moto huo pamoja na mayu. Ukija Jumamosi, nitazame mimi kwanza. Yangu sasa ni mekundu vilevile.

Dirisha nimelifungua. Lakini Ijumaa jioni, nisipopata neno lako kupitia Luhende, nitakwenda kwa mtendaji na nitalitaja jina lako, kaka yangu wa tumbo moja. Nitalia, ila nitalitaja.

Msalimie wifi na watoto. Shangazi anakusalimu; anauliza kama bado unapenda ukoko wa ugali, maana mayu hakuacha mtu mwingine aukwangue kama wewe hujala.

Hasira yako ilete kwangu. Ikishapoa, unikumbuke.

Mdogo wako,
Esteria