Nyumba Hii Ina Shangazi

Nyumba ya Kona,
Barabara ya Tangi la Maji.
Jumapili, 9 Novemba.

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi yangu na wapwa zangu wote wawili. Hamjambo? Mgongo wako unaendeleaje? Wifi aliniambia kwamba bado unajifanya kijana, unabeba masanduku ghalani wakati una watu wa kazi wamesimama wanakutazama. Acha tabia hiyo. Mimi godoro likichoka nanunua jingine, lakini mgongo wako sijui wanauza duka gani.

Sisi huku ni wazima. Shangazi magoti yanamsumbua asubuhi, ila mdomo hauna ugonjwa wowote. Anakusalimu sana na anauliza kama huko mnakula vizuri. Nimemwambia picha zako zinaonyesha mnakula kupita kiasi.

Najua ukiiona bahasha nene namna hii utasema, basi, Chiriku kaanza. Ndiyo, nimeanza, na safari hii utanisikiliza mpaka mwisho kwa sababu karatasi huwezi kuikata kama simu. Ulisema umepata mnunuzi wa nyumba ya wazazi, dalali ameshaandaa kila kitu, na kilichobaki ni sahihi yangu kabla mwaka haujaisha, kwa kuwa hati ina majina yetu sisi wawili. Ukasema nyumba inazeeka bure, na shangazi atapewa chumba kwa mtoto wa baba mdogo. Siku ile sikukujibu. Unajua mimi nikikasirika kwenye simu naishia kulia, na nikilia wewe umeshinda. Ndiyo maana nimekaa chini niandike.

Kwanza nikuambie, nyumba haizeeki. Ingekuwa binadamu ningesema imenenepa. Uliondoka ukiacha rangi inabanduka na milango inayolia kama paka. Sasa vyumba vitatu vya mbele ni vya wageni, mimi na shangazi tunakaa vile viwili vya uani. Chumba chako ndicho kinachogombaniwa, maana dirisha lake linapokea upepo. Pale ulipochora gari ukutani kwa mkaa fundi rangi alipitisha mikono mitatu na bado gari lilikuwa linachungulia, ikabidi nisogeze kabati. Shuka zote ni nyeupe. Wenzangu waliniambia nyeupe ni kujitafutia taabu, lakini mgeni akifunua kitanda akaona weupe wa kweli, anatua begi na kushusha pumzi. Mimi husimama koridoni nikaisikia ile pumzi, kaka, nikavimba kichwa.

Picha za tangazo nilipiga mwenyewe. Hapo nicheke kwanza. Nilitaka bafu lionekane kubwa, nikapanda juu ya ndoo, mgongo umebanwa ukutani, ulimi nje kwa kukaza nia. Nikazituma mtandaoni bila kuangalia vizuri. Mgeni wa kwanza kuandika aliuliza kama yule mwanamke kwenye kioo yumo ndani ya bei. Nilijiona nimeumbuka, lakini nilimjibu papo hapo, akacheka, akaweka nafasi. Tangu hapo nimejua kwamba anayejibu upesi ndiye anayepata mgeni, hata kama picha zake zina ulimi.

Mengine nimejifunza kwa kuanguka na kuinuka. Kwamba miezi ya mvua unashusha bei bila kununa, na wikendi unapandisha bila aibu. Kwamba foronya hupotea kuliko kijiko. Kwamba ukimaliza kusafisha chumba, ulale kidogo kitandani uangalie dari, maana hicho ndicho atakachokiona mgeni, na huko ndiko buibui wanakoishi. Zamani ulikuwa unasema mimi kazi yangu ni kuongea. Sasa naongea na watu wa nchi ambazo siwezi hata kuzitamka, na wanalipa.

Lakini tatizo langu kubwa, nisikufiche, lilikuwa shangazi.

Unamjua. Aliingia nyumba hii mama alipofariki, sisi bado tuna meno ya utoto, na hajawahi kumwacha mtu aingie mlango ule bila kumpokea. Sasa niambie, wageni wa kulipia atawaonaje? Aliwasubiri kibarazani. Aliwanyang'anya mabegi. Asubuhi alibisha kila chumba kuuliza wameamkaje, na aliyesema hakulala vizuri alihojiwa kama yuko polisi. Kijana mmoja aliyekuja na mchumba wake aliulizwa wanasubiri nini. Nilikuwa najikaza nisicheke, mpaka maoni yalipoanza kutoka: nyumba safi, maji ya moto yapo, nyota tatu, kuna mama mzee anayeuliza hali yako muda wote. Nyota tatu katika kazi hii ni msiba. Tangazo lako linasukumwa chini kabisa, na huko chini hakuna anayefika.

Basi nikapiga moyo konde. Nikamweka shangazi chini, nikamweleza kwamba wageni wa siku hizi wanataka kuachwa, asikanyage tena upande wa mbele. Nikafunga kitasa cha namba mlangoni, natumiwa jina la mgeni, namtumia namba, anajifungulia. Shangazi alikubali shingo upande. Alinuna, kaka, mnuno ule wake wa kufagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Kwa muda mambo yalikuwa kimya. Wageni waliingia, walitoka, waliandika kwamba ni pasafi. Hakuna aliyerudi. Nilikuwa nabadilisha shuka za watu ambao nikikutana nao njiani nisingewajua.

Halafu akaja mwalimu mmoja, msichana, kesho yake ana usaili wa kazi. Mimi nilikuwa sokoni natafuta sabuni. Mvua ikamwagika mchana ule kama imetumwa, na kitasa changu cha kisasa kikazima betri. Mwalimu anabonyeza namba, mlango haufunguki. Shangazi anamwona kupitia dirisha la jikoni. Unafikiri alifungua? Thubutu! Alichofanya ni kutoa kichwa dirishani na kupaza sauti, "Mwanangu, pole sana! Mimi nimekatazwa kukukaribisha!"

Jirani aliyenisimulia hana mbavu mpaka leo. Msichana wa watu kasimama na begi kichwani, shangazi dirishani anamweleza masharti ya mwenye nyumba, yaani mimi, kwa urefu na mapana. Mwishoni huruma ikaishinda hasira, akampitisha mlango wa uani. Niliporudi nilikuta mwalimu amejifunika shuka yangu nyeupe, anakunywa chai jikoni, na shangazi anapiga pasi suti ya usaili huku akimuuliza maswali ya usaili. Maswali magumu, kaka. Kwa nini tukuchukue wewe? Ukikasirishwa na mtoto unafanyaje? Nilirudi nyuma kimyakimya, nikasimama kibarazani na sabuni yangu.

Yule msichana kazi aliipata. Siku ya kuondoka alimkumbatia shangazi mpaka nikaona wivu, na aliyoandika kwenye maoni nimeyashika kichwani: kila kitu ni kizuri, lakini kwa nini tangazo halisemi kwamba kuna shangazi?

Nilikaa na swali hilo siku nzima. Kisha nikaling'oa lile tangazo lote, nikaandika upya. Nikanunua kitasa cha kawaida cha ufunguo. Juu kabisa, kabla ya maji ya moto na dirisha lako la upepo, nikaandika: Nyumba hii ina shangazi. Atakupokea mlangoni, atakuuliza umetoka wapi na umekula nini. Ukipenda kuachwa peke yako tuambie mapema, naye atajitahidi, lakini hatutoi ahadi. Picha nikaweka yake, amesimama kibarazani, mikono kiunoni.

Sipigi chuku, kaka. Walianza kuja wanawake wanaosafiri peke yao. Wakaja wazee wanaoogopa hoteli. Wakaja watu wanaoleta wagonjwa wao hospitali kuu na hawana pa kufikia, hao ndio shangazi anaowatenga na kelele za wengine na kuwawekea maji ya moto kabla hawajaomba. Wapo wasiompenda, bwana mmoja alikasirika kuulizwa pete yake iko wapi, na alikuwa na haki yake ya kukasirika. Lakini wanaorudi mara ya pili siku hizi ni wengi kuliko wapya, na wanawaleta mama zao. Nyota zetu zimepanda mpaka watu wenye nyumba za ghorofa wananipigia kuuliza siri, na mimi nawajibu kwamba siri ina magoti mabovu na haiazimishwi.

Nimefurahi kukuandikia hayo. Yafuatayo sikufurahi.

Dalali wako alikuja wiki iliyopita, bila kupiga simu, na futi kamba mkononi. Shangazi alimdhania mgeni. Alimvua viatu, akamketisha, akamletea maji, akamuuliza ameweka nafasi chumba kipi. Yule bwana akaanza kupima kibaraza. Shangazi akauliza anapima nini, naye akamwambia, kirahisi tu, kwamba nyumba imeshapata mtu. Ndivyo alivyojua, kaka. Hakusikia kwako wala kwangu. Kwangu kwa sababu nilikuwa sijapata namna ya kumwambia, kwako sijui kwa nini.

Siku iliyofuata mgeni aliingia na hakuna aliyempokea. Nilipomfuata shangazi chumbani kwake nilimkuta anakunja nguo zake, taratibu, kama anavyokunja shuka za wageni, kona kwa kona. Akaniambia, "Mwambie kaka yako msigombane kwa ajili yangu. Mimi ni begi moja tu." Nililichukua lile begi nikalimwaga lote kitandani. Tulikaa pale katikati ya nguo mpaka mtu akabisha mlango wa mbele. Nikamwona shangazi anajitia hamnazo. Mtu akabisha tena. Shangazi akavuta kilemba, akasema huyo atakuwa amechoka na safari, akaenda.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: siweki sahihi.

Sisemi kwa hasira, ingawa hasira ninayo. Najua nusu ya nyumba ni yako. Najua pia kwamba umeihesabu kutoka mbali, na kutoka mbali uliona kuta na kiwanja. Mimi nipo ndani yake. Naamka nikijisikia mtu mwenye kazi, mwenye jina, mtu anayeulizwa ushauri, na sikuwahi kujisikia hivyo mahali pengine popote. Fungu lako litakuja kila mwezi kama lilivyokuja, na likikua utaliona linakua. Lakini shangazi hahamishwi kupelekwa kwenye chumba kisicho na dirisha kwa mtoto wa baba mdogo, na nyumba hii haiuzwi nikiwa hai na akili zangu timamu. Piga ua, garagaza.

Mwambie mnunuzi wako ukweli huo. Akitaka kuiona nyumba kwa ndani, aingie mtandaoni aweke nafasi kama watu wengine. Desemba imejaa yote, Januari nitamtafutia.

Wewe huhitaji nafasi. Njoo na wifi na watoto, mtalala kwetu uani, tutabanana. Sitaki uje kukagua. Njoo ushinde kibarazani siku moja tu uone watu wanavyoagwa hapa, halafu kama bado una la kusema, useme mbele ya shangazi.

Msalimie sana wifi, mwambie zile foronya alizotuma ndizo wageni wanazozipiga picha. Wapwa zangu nawabusu mashavu. Shangazi anasema hakudai neno, anakuombea tu usingizi mzuri na mgongo mzima, na Mungu akulinde uingiapo na utokapo. Nami naitikia amina.

Ni mimi mdogo wako, ambaye maisha yake yote hajawahi kukukatalia jambo, na leo amekukatalia, na bado anakupenda vilevile,

Chiriku.