Neno JUU nililolikuta chini

Monita, acha unachofanya unisome.

Leo tumemwaga zege la msingi wa ule mnara wa mchezo wa kurusha watu hewani, pale bustani ya michezo. Asubuhi mhandisi aliniuliza, "Babu, kile kibao cha kushikia boliti za mnara mpaka zege likauke, umekikagua?" Nikamjibu mbele ya watu wote, "Binti, kazi hii naifanya tangu hujazaliwa."

Nilisema hivyo, Monita. Mbele ya watu wote!

Zege likaanza kumwagika. Penseli ikanidondoka, nikainama, nikaona neno JUU. Mwandiko wangu mwenyewe! JUU, upande wa chini wa kibao! Nimekifunga kichwa chini miguu juu. Matundu yake hayalingani pande zote, basi boliti zote zimekaa kinyume, mnara hautaingia.

Nikapiga kelele, "Simamisha!"

Dereva wa gari la zege akafoka, "Babu, zege halisubiri mtu!"

Mhandisi akauliza, "Nani amekigeuza?"

Wote wakamtazama seremala aliyekichonga. Naye maskini akainamia buti zake.

Ningeweza kunyamaza, Monita.

"Mimi," nikasema.

Bahati zege lilikuwa halijafikia boliti, tukakigeuza mbio mbio. Mhandisi hakunigombeza. Alinipa kalamu ya wino tu: "Babu, andika na upande wa pili."

Nikaandika CHINI. Miaka arobaini nimekuwa nikiandika upande mmoja.