Pikapu ya Mzee na Miguu Yangu

Jumamosi. Jua kali asubuhi, mvua yetu ya saa nane bado.

Nyinyi rafiki zangu mlipotelea wapi? Mwezi mzima hakuna hata mmoja aliyepita hapa kuuliza kama ninapumua. Haya, ketini. Mimi nasema, mjukuu wangu Ayuma anaandika. Shule sikuiona.

Mwanangu Shikuku alipata mnunuzi wa pikapu ya marehemu babake. Aje leo adhuhuri aichukue. Ati inatangatanga barabarani na inakula tairi za mbele upande wa ndani.

Nilikubali. Halafu chai ikanikataa.

Mzee wangu alikuwa akiinyoosha magurudumu mwenyewe hapa uani. Anatia alama ya chaki katikati ya kila tairi ya mbele, tunapima kwa uzi, mimi upande huu, yeye ule. Kisha tunasukuma gari mpaka alama zigeukie nyuma, tunapima tena. Kwa hivyo asubuhi nikamwambia Ayuma alete uzi. Mbele palikuwa papana kuliko nyuma, kidole kizima.

"Kukhu, sasa inatakiwa iweje?" mjukuu akaniuliza.

Sikujua. Nakiri. Mimi nilishikanga uzi tu, akili ilikuwa yake, na amelala pale nyuma ya nyumba.

Nilisimama mbele ya gari, peku, nimekasirika, nikitazama chini.

Vidole vya miguu yangu vinatazamana tangu nizaliwe. Wasichana wa kwetu Iguhu walinicheka mpaka nikaolewa. Na yeye, kila akimaliza kukaza nati, alirudi hatua mbili akasema, "Sasa tairi zimesimama kama mke wangu." Nilimrushia kitambaa. Miaka yote nilidhani ananidharau.

"Mbele pafinye kidogo," nikamwambia Ayuma. Akalala kwenye gunia chini ya gari, akazungusha rodi za usukani huku na kule, mpaka mbele pakawa padogo kuliko nyuma kwa unene wa punje ya hindi.

Akaiendesha hadi kwenye lami, akalegeza mikono kwenye usukani. Gari ikaenda moja kwa moja.

Nililia. Ayuma, andika hiyo pia.

Shikuku alipofika na mtu wake, nilikuwa ndani ya pikapu, mlango wangu nimefunga.

"Mama, shuka tuongee."

"Endesha kwanza."

Aliendesha hadi sokoni na kurudi. Yule mtu akapewa chai, funguo hakupewa.

Mkija tena, msipande bodaboda. Ngojeni stendi, tutawafuata na pikapu. Mtakaa nyuma. Kiti cha mbele ni changu.