Ruhusa ya Kula Mchana

Bulla Iftin, Garissa
9 Februari 2025

Kwa mwanangu Awil,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi hapa tu wazima kwa kadiri alivyotukadiria Mola. Mama yako mdogo Rukiyo goti bado linamsumbua, mvua haijaonekana, na mbuzi waliosalia wanatafuna maboksi ya dukani. Binti yangu Hamdi anakusalimu sana. Je, wewe u mzima? Unalala vyema? Unaswali kwa wakati?

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa Kisomali chetu unakijua kwa ulimi tu, na mimi Kiswahili nilikipata Lamu kwa masharifu walionisomesha dini. Tena naandika, sipigi simu, kwa kuwa simu ni ya salamu na ya kupeana habari za msiba. Jambo linalotaka hukumu huandikwa, likalaliwa, likasomwa tena asubuhi.

Jambo lenyewe ni hili. Mzee Billow alirudi kutoka Nairobi alikopeleka ngozi, akasema mbele ya watu baada ya alasiri: "Maalim, yule mtoto wa marehemu ndugu yako, uliyemlea ili airithi duksi yako ya Qurani, nimemwona Eastleigh anafukuza mipira kwa fimbo. Na amevaa kizibao kama mhudumu wa hoteli." Watu wakacheka. Mimi sikucheka wala sikukasirika. Nilikuhifadhisha Qurani kwa mdomo wangu, na mkeka wangu katika duksi unakungoja. Kabla sijasema neno, nataka nisikie kwako: mchezo huu una kamari? Na unataka nini kwa mtu, hata kijana mwenye akili aupe umri wake?

Adeer yako, ndugu wa baba yako,
Abdisalam


Nairobi
16 Februari 2025

Kwa adeer wangu mtukufu,

Waalaikumu salaam warahmatullah. Barua yako nimeipokea kwa dereva wa basi, nikaibusu. Mpe pole mama Rukiyo kwa goti, na umwambie Hamdi kwamba bado ana deni langu la hadithi. Mimi nalala, naswali, Alhamdulillahi.

Kamari ipo kwa wanaoitaka. Mimi sijawahi kuweka dau hata la chupa ya maji. Klabuni wananiita Shehe. "Shehe, weka hata soda basi, soda ni halali," hunitania.

Umeuliza mchezo wa pool unataka nini kwa mtu. Kutumbukiza mpira shimoni si kazi. Mzee Billow angeweza baada ya siku mbili. Kazi ni mpira mweupe: ukishaugonga mwenzake, usimame pale ulipotaka, ili pigo la pili liwe jepesi na la tatu liwezekane. Ninarudia pigo moja siku nzima, kama ulivyoturudisha kwenye aya moja mpaka ulimi ukaacha kufikiri.

Lakini vikombe vikubwa havipatikani kwa mkono peke yake. Vinapatikana kwenye kiti. Mwenzako akiwa mezani, wewe unakaa. Husimami, hunong'oni, humzuii. Unamtazama anavyokunyang'anya ulichokitafuta mwaka mzima, na zamu yako ikirudi unatakiwa uinuke kana kwamba ndiyo kwanza umefika. Nimewaona mabingwa wakivunjika hali wamekaa.

Sasa nimechaguliwa kwenda Kampala kushindania ubingwa wa nchi za Maziwa Makuu. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kufika huko. Mashindano ni ya wiki mbili, na yataangukia ndani ya Ramadhani.

Adeer, kuna jambo nimekuficha. Tangu mwaka jana nina ugonjwa wa sukari. Najidunga sindano kila nikila. Sukari ikishuka mkono unatetemeka. Ikipanda, macho yanaona ukungu. Nilijaribu kufunga siku za Sita baada ya Idi, ya tatu ikanilaza hospitali. Daktari wangu, Bi Wanjiru, amenikataza kabisa kufunga mwaka huu. Wapo wenzangu wanaokula mchana bila kuuliza. Mimi sitaki kula kama mwizi. Nataka ruhusa kutoka kinywani mwako. Ukiniambia nile, nitakula na kutoa fidia. Ukiniambia nifunge, nitafunga.

Mwanao,
Awil


Bulla Iftin, Garissa
24 Februari 2025

Kwa mwanangu Awil,

Assalamu alaikum. Tunamshukuru Mola kwa afya ya kadiri. Goti la mama yako mdogo limepata nafuu kwa mafuta ya ufuta. Natumaini barua hii itakukuta katika kheri.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na nimependa ukweli wako juu ya kamari. Mchezo usio na dau siwezi kuuharamisha. Nauona ni karaha, upotevu wa umri, basi.

Ama sukari, mimi naijua. Mzee Siyad wa soko la ng'ombe anayo, na tumbo lake hutangulia kuingia msikitini kabla yake. Wewe una miaka ishirini na mitatu, mwembamba kama mwiba. Sikuiti mwongo. Nasema huenda umeambiwa neno na watu ambao kwao funga ni njaa tu.

Kitabu cha fiqhi tulichokisoma pamoja, katika mlango wa funga, kinasema kwamba mgonjwa haruhusiwi kula mchana mpaka athibitishiwe madhara na tabibu Mwislamu mwadilifu. Daktari wako si Mwislamu. Ushahidi wake, kwa heshima zote, haufungui mlango huo. Wala usiitegemee ruhusa ya msafiri: anayenuia kukaa mahali siku nne au zaidi amekuwa mkaazi.

Na ikiwa mwili wako ni mgonjwa kweli, pahali pa mgonjwa ni nyumbani. Njoo. Tutamtafuta tabibu pamoja, na duksi ipo. Lakini ukienda Kampala, nenda umefunga.

Adeer yako,
Abdisalam


Kampala
15 Machi 2025

Kwa adeer wangu,

Assalamu alaikum. Ramadhani njema kwako, kwa mama Rukiyo na kwa Hamdi, ambaye namtumia barua hii kwa simu yake akusomee. Natumaini futari haikosi maziwa. Mimi naendelea, Alhamdulillahi.

Nimekuja, na nimefunga tangu siku ya kwanza. Nimeshinda mechi zote hadi sasa. Sindano nimezipunguza, kwa kuwa sili. Usiku nakunywa maji kama ngamia aliyefika kisimani, na kiu haiishi. Jana mpira mweusi, ule wa kumalizia, ulikuwa na ukungu pembeni. Niliupiga kwa kumbukumbu, ukaingia. Watu wakadhani ni ufundi.

Niliyecheza naye ni mtu wa Bukavu, mtu mzima, mcheshi. Aliniona midomo imekauka akanisogezea chupa: "Kunywa, Shehe. Humu ndani hakuna anayekutazama."

Nikamwambia, "Anayenitazama yuko Garissa."

Akacheka, akasema, "Huyo ana macho makali."

Lile swali sikuulizi tena. Umekwisha kunijibu. Naomba dua yako tu. Robo fainali ni Jumanne, na nikivuka, nusu fainali ni wiki ijayo.

Mwanao,
Awil


Bulla Iftin, Garissa
20 Machi 2025

Kwa mwanangu, tena mwanangu wa haki,

Assalamu alaikum. Sote tu wazima. Mvua ya kwanza imenyesha upande wa Ijara, na watu wameanza kuhamisha mifugo. Je, hali yako?

Hamdi alinisomea barua yako, kisha akaniambia, "Aabo, huyu si njaa, huyu anaumwa." Nikamwambia kuwa msichana aliyezaliwa mjini huona kila kiu ni ugonjwa. Nimeisoma barua hiyo msikitini baada ya tarawehe, kuwa mfano kwa vijana wanaokula vichochoroni. Wazee walilia. Mzee Billow, ambaye ndiye aliyekucheka, sasa ananisimamisha njiani: "Maalim, Hamdi anasema ameshinda robo fainali, fremu saba kwa tatu. Kwa hesabu ya ngamia, hiyo ni kushinda kiasi gani?" Na mimi, Mungu anisamehe, nilimweleza habari za mpira mweupe kana kwamba niliuona.

Sikukudhania kuwa na uthabiti huu. Ukungu wa macho ni wa saumu, utakwisha kwa tende na maziwa mazito wakati wa daku. Ule tende kwa wingi. Vumilia. Mwezi umebakiwa na siku chache.

Adeer yako anayejivunia,
Abdisalam


Hospitalini, Kampala
5 Aprili 2025

Kwa Maalim Abdisalam,

Waalaikumu salaam. Mimi si mzima.

Najua Hamdi amekupa habari, na kwamba ulipochukua simu ili useme nami nilimwambia muuguzi aikate. Wewe ndiye uliyenifunza kwamba jambo linalotaka hukumu huandikwa.

Katika nusu fainali nilikuwa mbele, sita kwa nne. Zamu ilikuwa ya mwenzangu. Nilikuwa kwenye kiti, nimetulia, sina hofu. Nilikuwa nayaona mapigo yangu matatu yaliyobaki kama nayaona maandishi. Nikaanguka kutoka kitini. Mtu wa Bukavu ndiye aliyenibeba. Nilizinduka siku ya tatu. Wanasema damu yangu iligeuka sumu kwa kukosa dawa na maji, na kiharusi kidogo kikapita kichwani. Figo zinapona. Mkono wa kulia ni mzima. Wa kushoto, ule unaolala mezani kuwa daraja la fimbo, hausikii. Nikiuweka juu ya shuka sijui kama ni shuka au ni hewa. Niliyekuwa namshinda amechukua kombe.

Siku ya Idi alikuja shehe wa msikiti jirani kuwaona wagonjwa. Nikamsimulia. Akaniuliza, "Ni nani aliyekupa hukumu hiyo?" Sikukutaja. Kesho yake akaja na kitabu kilekile, akafungua mlango wa funga, akanisomea mstari uleule: mpaka athibitishiwe na tabibu Mwislamu mwadilifu. Nilikuwa nauitikia kwa kichwa. Naye hakunyamaza hapo. Akaendelea kusoma: au ajue mwenyewe, kwa uzoefu wa mwili wake, kwamba funga itamdhuru.

Akaniuliza, "Kwani wewe ulikuwa huujui mwili wako?"

Nikasema nilikuwa naujua. Nilikuwa nimekuandikia kwamba naujua.

Mlango huo tuliusoma nikiwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa nasinzia. Wewe hukuwa unasinzia. Kitabu hicho unakijua kwa moyo tangu kabla sijazaliwa, na uliishia katikati ya mstari. Mimi nilikuwa nikikuamini hata pale unapopumua kati ya maneno mawili.

Sikuulizi kwa nini. Ulitaka nirudi nyumbani. Ungeniambia hivyo, kwa jina lako mwenyewe, pengine ningerudi.

Nitaendelea kuswali. Nitaendelea kucheza, kama mkono utakubali. Swali la dini sitakuletea tena.

Awil


Bulla Iftin, Garissa
27 Julai 2025

Kwa Awil,

Assalamu alaikum warahmatullah. Sisi tupo. Mama yako mdogo anauliza habari zako kila jioni, nami humwambia kwamba kijana ana shughuli. Afya yako naipata kwa Hamdi: kwamba sindano unajidunga, na kwamba unakula. Namshukuru Mola kwa hilo.

Barua zangu tatu hukuzijibu, na haki ni yako. Katika hizo nilijitetea, kwa hiyo ni vyema kama hukuzifungua. Hii haina utetezi. Mstari niliujua wote. Nilipofika katikati niliona kwamba nusu ya pili itakupeleka Kampala na nusu ya kwanza itakuleta kwangu, nikaweka kalamu chini. Sikudhani ungekwenda na nusu hiyo mkononi. Sasa watu wakija na maswali ya dini nawaelekeza kwa imamu wa msikiti wa ng'ambo ya barabara. Nasomesha alifu na be tu.

Wiki iliyopita nilipanda basi la alfajiri kuja Nairobi. Hamdi alinielekeza jengo la klabu yako na ngazi. Maneno ya kukwambia niliyaanza tukiwa Mwingi, na hadi Thika nilikuwa nayo yote.

Ulikuwa peke yako kwenye meza ya mwisho, mgongo umenielekea. Uliuinua mkono wa kushoto kwa ule wa kulia ukaulaza juu ya meza, kama mtu anayemlaza mtoto wa mwenziwe. Ukainama ukavitazama vidole kimoja kimoja, ukavipanga kwa macho kwa kuwa huvisikii. Ukapiga. Mpira mweupe ukapita kando ya ule uliokusudia, bila kuugusa. Ukauendea, ukaurudisha palepale. Ukauinua mkono tena. Wale vijana wa meza nyingine walipunguza sauti kila ulipoinama, na ulipokosa walitazama pembeni. Hukukasirika hata mara moja. Nilijua subira ile umeipata wapi, nikashindwa kuvuka kizingiti.

Nilisimama mlangoni kitambo kirefu. Mwanamke anayeuza chai pale kwenye ngazi alinihurumia, akasema, "Mzee, msikiti uko jengo la pili. Ama kuna mtu wako humu ndani?"

Nikamwambia nimekosea mlango.

Ndugu wa marehemu baba yako,
Abdisalam