Wimbo wa Kageha

Eldoret, Agosti 1954

Kwako Mama Nanzala,

Sisi ni wazima, ila mvua inatusumbua kwa kuwa paa letu la madebe linavuja.

Mama, umeuliza kwa nini mwanao Murunga aliacha gitaa. Alikuwa akiimba maisha yetu hapa vibandani, akitutaja kwa majina. Wimbo uliopendwa zaidi ulimsifu jirani yetu Kageha, mjane anayesomesha watoto kwa kupika busaa, pombe iliyopigwa marufuku. Ukatiwa kwenye santuri, ukapigwa mjini kote. Polisi nao wakausikia. Walikuja wakamwaga busaa, Kageha akafungwa, watoto wake tukakaa nao sisi. Tangu hapo Murunga hakuimba tena.

Jana Kageha alitoka jela, akaja moja kwa moja kwetu, amekonda sana.

Murunga akainamisha kichwa. “Nisamehe, dada. Ni mdomo wangu uliokufunga.”

Kageha akachukua gitaa ukutani, akamwekea mapajani. “Hivi vibanda watavibomoa,” akasema. “Usipotuimba, nani atajua tuliishi hapa?”

Murunga alijaribu, Mama, lakini alipofika kwenye jina la Kageha akaacha. Ndipo Kageha akauanza ule wimbo mwenyewe, akalitaja jina lake kwa sauti kubwa, mlango ukiwa wazi.

Mkaza mwanao,
Nelima