Chagua Mstari wa Pili

Fridah,

Nimeenda Kitale kumchukua Shangazi. Maharagwe yako jikoni, usiyaache yaungue.

Kompyuta inafanya kazi tena. Ukiiwasha, shikilia Shift mpaka uone orodha, kisha chagua mstari wa pili, toleo la zamani. Wa kwanza usiuguse.

Asubuhi nilikufokea ati umeiharibu. Si wewe. Jana niliuapdeti mfumo wake, Linux, bila kumwambia mtu, nikijiona fundi, na toleo jipya ndilo lililokwama. Ulipotoka ukilia nikajaribu la zamani, ikafunguka. Mama, ukiona karatasi hii kwanza, soma hapo tena: si Fridah aliyeiharibu.

Hotuba yako ya kumuaga nyanya yetu, Kukhu, iko salama. Nimeinakili kwenye flashi. Ikachapishwe Bungoma leo kabla hawajafunga duka.

Nimeisoma, samahani. Pale Kukhu anapoonja chai ya kila mmoja wetu isije ikatuchoma, nimeparudia mara tatu.

Jumamosi kaburini ~~nitaanza na shairi langu, kisha wewe~~ utasoma wewe peke yako. Beti zangu kumi na mbili ni kali, si unajua, lakini hazina ile chai.

Kaka yako,
Wakoli